Upepo Ndani ya Sampu

Mama Ludell Tackett alipochaguliwa kuongoza gwaride la Sikukuu ya Siagi ya Tufaha pale Sorrel Creek, Ohio, nyumba mbili ziliingiwa na homa. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya mwanawe, Royce. Ya pili ilikuwa ya mkwewe, Harlan Dueker, mume wa binti yake Nedra. Kiongozi wa gwaride hatembei kwa miguu. Huketi ndani ya gari mbele ya watu wote akapunga mkono, na gari halijiendeshi. Royce alitangaza kwamba dereva ni yeye, kwa kuwa ndiye mwana. Harlan hakutangaza kitu, ila alianza kulipaka gari lake nta mara mbili kwa wiki, na mwenye macho aliona.

Harlan alikuwa mtu mzima, dereva mstaafu wa basi la shule, mpole kwa watu na mkali kwa injini. Katika ukoo wa Tackett alikuwa mkwe, na mkwe pale alikuwa mtu wa kubeba viti. Palipokuwa na shughuli, Harlan alivitoa viti kanisani, akavipanga, na vilipokwisha kupangwa yeye alikalia kile kilichokuwa karibu na mbwa. Hakulalamika. Lakini alitamani mara moja tu, kabla Bwana hajamwita yeye au kumwita Mama, mji mzima umwone amekabidhiwa mama wa watu, ameketi naye bega kwa bega, usukani mkononi.

Shauri lilifika mezani siku ya Pasaka, paja la nguruwe likiwa bado halijakatwa.

"Mama atapanda gari langu, Fairlane," alisema Royce. "Nimeshamnunulia hata mto wa kukalia."

"Nova yangu ina kiti laini, haihitaji mto," alisema Harlan.

"Shemeji, kiti laini cha nini kwenye gari lisilofika?"

"Litafika."

"Litafika, ndiyo. Gwaride la mwakani."

Mama Ludell aligonga meza kwa kijiko. Alikuwa bibi mfupi mwenye sauti ndefu.

"Royce, funga bakuli lako. Na wewe Harlan acha kununa, uso umekuwa kama kiazi kilichosahauliwa. Mtakwenda kwenye lami Siku ya Wafanyakazi, Septemba ikianza, mkimbizane. Atakayetangulia ndiye atakayenibeba. Haya, nani anasali tule?"

Hakuna aliyeona ajabu. Sorrel Creek ni mji ambao ubishi wake wote humalizwa kwenye kipande kimoja cha lami iliyonyooka nyuma ya maghala ya mahindi. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka kijani, na anayefika kwanza ana haki. Mpaka wa mashamba umeamuliwa hapo. Jina la mbwa limeamuliwa hapo. Mchungaji mmoja na mzee wake wa kanisa walikwenda hapo kuamua rangi ya zulia la madhabahu, na zulia hadi leo ni la kijani, maana mchungaji alichelewa kubadilisha gia.

Basi Harlan alirudi gerejini kwake akaanza kufikiri.

Nova yake ilikuwa na ugonjwa mmoja. Iliondoka vizuri, ikavuta vizuri, lakini ilipofika mwisho wa lami, injini ikilia kwa sauti ya juu kabisa, ilikuwa inachoka ghafla kama mtu aliyekumbuka deni. Sindano ya kipimo cha oili nayo ilitetemeka. Harlan aliujua ugonjwa huo. Ulikuwa upepo.

Chini ya injini pana bakuli la chuma ambalo mafundi huliita sampu, na ndani yake oili hupumzika ikingoja kunyonywa na pampu. Juu ya oili hiyo huzunguka krenki, ule mhimili mzito uliopindapinda unaopokea mateke ya pistoni zote. Krenki ikizunguka polepole, hapana neno. Ikikimbizwa, hupiga upepo wake mwenyewe, na upepo ule huizoa oili iliyokuwa imelala, ukaizungushazungusha mpaka krenki inavaa blanketi. Nguvu iliyotakiwa kusukuma gari ikawa inaburuta blanketi. Zaidi ya hapo, oili hupigwapigwa ikawa povu kama mayai ya keki, pampu ikanyonya povu, na beringi hazinywi povu.

Dawa yake ni trei. Harlan alikata bamba la chuma, akalipasua mistari na kuinua kila mstari kidogo, likawa kama dirisha la luva. Trei hiyo hufungwa kati ya krenki na oili. Oili inayorushwa na krenki hupita kwenye luva ikaanguka chini, na ikitaka kurudi juu hukuta mlango umeipa mgongo. Ni kama mtego wa panya, kuingia kwa hiari, kutoka kwa dua. Harlan aliipinda kila luva kwa mkono, akaipapasa kwa kidole, akaifunga, akafunga na sampu, akarudisha injini garini, akaenda kwenye lami kufanya majaribio.

Gari lilikuwa zito kuliko mwanzo.

Royce, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amesimama pembeni akila mahindi ya kuchoma, alicheka mpaka punje zikamtoka puani.

"Shemeji! Umelifunga breki au umelifunga mbuzi?"

"Bado nalirekebisha."

"Lirekebishe taratibu. Mama hana haraka, ana mimi!"

Harlan alirudi nyumbani. Nedra, mkewe, aliyezoea kumpima mumewe kwa jinsi anavyofunga mlango, alimwekea kahawa bila kuuliza.

"Tatizo," alisema Harlan baada ya kikombe cha pili, "ni kwamba sioni. Sampu ni ya chuma. Oili inafanya mambo yake gizani kama mwizi. Ningeweza kuchungulia tu..."

Macho yake yalikuwa yamekwenda juu ya jiko, kwenye kifuniko cha kioo cha sufuria ya nyama ya Jumapili. Kilikuwa kioo kinene, cha kuhimili moto.

"Harlan," alisema Nedra.

"Sijasema kitu."

"Hujasema, lakini unakitazama kama ulivyonitazama mimi mwaka ule."

Jumapili iliyofuata nyama iliiva ikiwa imefunikwa kwa sahani. Kifuniko kilikuwa ubavuni mwa sampu, kimegandishwa kwa gundi ya kuhimili joto, na Harlan alikuwa na dirisha. Aliifunga injini kwenye stendi, akatoa plagi za moto, akaazima kwa jirani mota ya umeme ya kupandishia mahindi ghalani, akaiunganisha na krenki kwa mkanda. Kisha akalala chali sakafuni na tochi, akamwomba Nedra awashe.

Krenki ilizunguka. Harlan alichungulia.

"Unaona nini?" aliuliza Nedra kwa sauti kubwa, maana mota ilikuwa inapiga kelele.

"Weusi."

"Weusi gani?"

"Weusi tu! Kitu cheusi kinazunguka ndani ya kitu cheusi! Siwezi kujua kinakwenda wapi!"

Nedra alizima mota, akaingia ndani, akarudi na kikopo kidogo. Kila mwaka alikuwa akitengeneza kadi za Krismasi kwa mkono na kuzinyunyizia ule unga wa kumetameta, wa dhahabu na fedha, unaobaki kwenye nyusi za watu mpaka Pasaka.

"Mwaga huu ndani. Utaona kila tone linavyokwenda."

Harlan alikishika kikopo kama mtu aliyepewa nyoka. Fundi kumwaga vitu ving'aavyo ndani ya oili ni sawa na mpishi kumwaga misumari ndani ya mchuzi. Lakini alizikumbuka punje za mahindi puani mwa Royce. Akamwaga.

Safari hii, mota ilipowaka, kifuniko cha sufuria kiligeuka mbingu. Nyota za dhahabu na fedha zilizunguka, zikakusanyika, zikaifikia trei, na badala ya kushuka zilipanda. Luva zilikuwa zinaizoa oili kama vijiko na kuirudisha juu kwa krenki, karamu ya bure.

Nedra naye alikuwa amelala sakafuni, shavu karibu na shavu la mumewe.

"Inapendeza," alisema. "Lakini Harlan, mbona milango yako imeelekea huko? Si umeishona ndani nje?"

Harlan alikaa kitako. Akatazama injini. Akatazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayevijua viganja vyake kwa mara ya kwanza. Fundi anapofunga trei huwa ameipindua injini kwenye stendi, miguu juu kama kobe, sampu ikitazama mbinguni. Ubavu uliokuwa kushoto unahamia kulia. Harlan alikuwa ameufuata mkono wake badala ya kuifuata injini.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "naendesha basi lenye watoto wa watu, na kumbe sijui kushoto kwangu."

"Ulikuwa unajua basi likiwa halijapinduka," alisema Nedra. "Inuka, mume wangu, nina vyombo vya kuosha, na kifuniko sina."

Trei iligeuzwa, nyota zikashuka kwa adabu zilipotakiwa kushuka, na kazi ikawa imekwisha. Harlan alifunga sampu nyingine isiyo na dirisha. Kifuniko kilirudi jikoni, kikanuswa, kikarudishwa gerejini kwa amri. Kilichobaki kilikuwa kuutoa ule unga. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaipuliza kwa hewa, akaiosha tena. Lakini mtu yeyote aliyeoa mtengeneza kadi anajua kwamba unga ule ukishaingia hautoki. Unajificha pembeni na kungoja wageni.

Siku ya Wafanyakazi ilifika. Mji mzima ulikuwa pembeni ya lami na viti vyake vya kukunja. Mama Ludell aliketi mbele chini ya mwavuli, na mfuko wa karanga mapajani.

Uwanja ule una desturi yake. Kabla ya mbio za ubishi, kila dereva huvuta kijiti cha oili cha mwenzake na kukikagua, kwa sababu injini ikipasuka katikati ya lami oili humwagika, na wote wawili wanaweza kuteleza mpaka shambani kwa watu. Harlan alivuta cha Fairlane, akakuta oili safi, akaitikia kwa kichwa. Royce alivuta cha Nova, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akakiinua juani.

Kitambaa kilimetameta.

Royce hakucheka. Alivua kofia yake. Kwa watu wale, oili inayometa ina maana moja tu: beringi zinasagika, chuma kinakula chuma, na injini iko njiani kuiaga dunia.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Au usije. Labda usije."

Virgil Oxley, mzee wa kuwasha taa za kuondokea, alisogea, akachungulia kitambaa, naye akavua kofia. Aliyekuwa nyuma yake akaona kofia zimevuliwa, akavua ya kwake bila kuuliza. Punde kofia zote pembeni mwa lami zilikuwa mikononi, vichwa vyenye upara vikiwaka juani.

"Ilikuwa injini njema," alisema Virgil.

"Ingali injini njema!" alisema Harlan. "Ule ni unga wa Nedra wa kadi za Krismasi. Niliutia mwenyewe, nione oili inavyokwenda."

Watu walitazamana. Royce alimwekea mkono begani.

"Ulitia unga wa kadi ndani ya injini."

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe, kwa akili zako."

"Nilikuwa nimeweka na dirisha."

"Dirisha la nini, shemeji?"

"La kifuniko cha sufuria," alisema Harlan, na hapo akaona jinsi linavyosikika.

Royce alimtazama Virgil, Virgil akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ni uchungu huo," alinong'ona. "Yangu ilipokufa nilisema ni vumbi la barabarani. Wiki nzima nilisema hivyo."

"Nedra!" alisema Harlan. "Waambie!"

"Ni unga wangu," alisema Nedra. "Wa dhahabu na wa fedha."

"Mke mwema," watu wakasema. "Anamsitiri."

Mama mmoja alifika na bakuli la saladi ya viazi, kwa kuwa huko mtu akifiwa huletewa chakula. Akaja mwingine na maharage ya kuoka. Harlan alisimama kando ya gari lake akiwa ameshika mabakuli mawili na jibu moja lisiloaminiwa.

"Kula kidogo," alimnong'oneza Nedra. "Wasije wakasema tunawadharau."

"Tuahirishe?" aliuliza Royce. Na kwa kweli alikuwa na huruma, kwa maana mtu anaweza kumcheka shemejiye mwaka mzima lakini haicheki maiti ya injini. "Mama nitambeba mimi, wewe utakaa kiti cha nyuma. Nakupa na mto."

"Washa gari lako," alisema Harlan.

Magari yalisogea kwenye mstari. Taa ziliteremka, njano, njano, kijani, na yote mawili yakaruka. Fairlane ilitangulia. Kwa nusu ya lami Royce alikuwa mbele kwa urefu wa boneti, na kama angetazama mbele kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Lakini alikuwa anangoja mlio. Alijua kwamba wakati wowote injini ya shemejiye itapasuka na kumwaga oili mbele ya magurudumu yake. Akageuza shingo kuitazama, akalegeza mguu kidogo. Akageuza tena, akalegeza tena.

Ndani ya Nova, Harlan alikuwa anangoja kitu kingine. Alikuwa anangoja pale mahali ambapo injini huchoka. Sauti ilipanda, ikapanda zaidi, sindano ya oili ikasimama wima kama askari, na uchovu haukuja. Injini ilivuta kana kwamba imevuliwa koti zito. Alimpita Royce hatua chache kabla ya mstari wa mwisho, akamwona dirishani, mdomo wazi, amejikinga uso kwa mkono mmoja.

"Nilikuwa namwogopea!" Royce alilalamika mbele ya mama yake, walipokwisha kushuka. "Mama, mtu alikuwa anakufa pembeni yangu!"

"Mimi nilikwambia ukimbie," alisema Mama Ludell, akitema ganda la karanga. "Kuomboleza umejitolea mwenyewe. Harlan, osha gari."

Harlan aliliosha gari. Aliliosha Septemba nzima. Siku ya gwaride, Jumamosi moja ya Oktoba yenye baridi ya asubuhi na harufu ya matufaha yanayochemshwa mpaka yawe laini kama siagi katika masufuria ya shaba, Nova ilisimama mbele ya wote na utepe mwekundu kwenye boneti. Mama Ludell alipanda mbele, amevaa kofia yenye manyoya. Harlan aliketi kwenye usukani, tai shingoni, mgongo umenyooka. Mbele yao ilikuwa bendi ya shule. Mluzi ulipigwa, bendi ikaanza kutembea, na gwaride likaondoka.

Hapo ndipo Harlan alipong'amua jambo ambalo lingeweza kuupita mji mzima wa mafundi, na lilikuwa limeupita. Gwaride hutembea. Hutembea kwa mwendo wa mtoto mnene anayepuliza tarumbeta kubwa kuliko yeye.

Nova haikujua kutembea. Kila kitu ndani yake kilikuwa kimechongwa kwa ajili ya mbio. Kwa mwendo ule ilitetemeka, ikakohoa, ikaruka kama chura, ikasimama, ikaruka tena. Kofia ya Mama ilimfika puani. Kule chini, ndani ya sampu, oili ilikuwa imetulia kama dimbwi, wala hapakuwa na upepo wowote wa kuzuiwa. Sindano ya joto ilipanda. Mbele ya duka la vyuma injini ilipiga mlio mmoja kama mtu anayetoa udhuru, ikazimika, na haikukubali kuwaka.

"Mkwe," alisema Mama Ludell, huku akiendelea kupunga mkono na kutabasamu kwa watu. "Tumesimama."

"Imepata joto, Mama. Inataka kupumzika."

"Mimi nina umri wa kuzidi hilo gari na sijaomba kupumzika." Alitoa kichwa dirishani. Royce alikuwa pembeni ya njia na donati mkononi, uso umeanza kuchanua. "Royce! Tupa hicho kidonge cha mafuta, njoo usukume!"

"Mama, mimi?"

"Shemeji yako ana usukani, mimi nina mkono wa kupunga. Kilichopungua ni mgongo."

Royce alitazama kushoto na kulia, lakini umati ulikuwa umeshaanza kupiga makofi. Akaimeza donati nzima, akazunguka nyuma, akainama. Virgil Oxley alikuja kumsaidia, na wawili watatu zaidi, na Nova ikasogea kimya kabisa, ikiteleza nyuma ya bendi, laini kuliko gari lolote lililowahi kuongoza gwaride lile. Mama aliinyoosha kofia yake. Harlan alishika usukani kwa mikono miwili na kuitikia kwa kichwa kulia, kisha kushoto, kama mtu aliyepanga mambo yawe hivyo tangu Pasaka.

Walipopita kanisa, sauti ya Royce ilifika kutoka nyuma, ikihema.

"Shemeji! Mbona limekuwa zito? Umeshika breki?"

"Kidogo tu!" alijibu Harlan dirishani.

"Kwa nini?"

"Mama anasema unakwenda kasi mno!"